Maneno Mawili ya Kupumulia: Uchambuzi wa Kisa cha Mafungo ya Yoga Rishikesh

Jioni ya siku ya tatu ya mafungo, yaani siku za kujitenga kwa yoga na tafakuri, dada yangu alikuwa amesimama kwenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi mto Ganga, mjini Rishikesh, kaskazini mwa India, mkononi akiwa na kijibakuli kilichoshonwa kwa majani makavu, ndani yake maua ya rangi ya chungwa na utambi uliochovywa katika samli. Aliyempa hakumwuliza kitu. Alikuwa akigawa tu, mmoja baada ya mwingine, kwa wageni wote kumi na wanne wa kundi lao. Mbele yao makuhani wa Kihindu walikuwa wameanza kuzungusha mataa ya shaba yenye moto wa tabaka kwa tabaka, kengele zikilia, na kijana mmoja alikuwa akipita na kiberiti kuwawashia wageni tambi zao ili wakaviachie vijibakuli vielee mtoni. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika ishirini, jua limekwisha kuzama, na wakati wa magharibi umeingia.

Ameniruhusu nikieleze kisa hiki kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala nisiitaje ashramu, yaani makao ya kiroho ya Kihindu, aliyofikia. Sharti la pili nimelikubali bila ubishi kwa sababu, kama itakavyoonekana, wenyeji wake hawakumfanyia ubaya, na kwa hiyo kisa hiki si cha kumtafuta mkosaji bali ni cha kutafuta mahali hasa ambapo mambo yalianza kwenda upande.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi Mombasa, ana miaka 46, na ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafi kama walivyo wengi wetu wa pwani. Kwa miaka kadhaa amesumbuliwa na maumivu ya kiuno, yale ya mtu anayesimama mbele ya ubao tangu asubuhi hadi alasiri. Mtaalamu wa viungo aliyemtibu alimpa mazoezi manne ya kufanya nyumbani na kumwambia waziwazi kwamba mawili kati yake yametoka katika yoga. Wala hilo si jambo la ajabu katika tiba ya leo: mwaka 2017 American College of Physicians, chama kikubwa cha madaktari wa Marekani, kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Mwanawe alipokuwa anahitimu chuo mjini Dehradun, mwezi wa Novemba, dada aliona kwamba Rishikesh iko kilomita 45 hivi tu kutoka huko, akajiandikisha kwa mafungo ya siku saba ya yoga na tafakuri baada ya mahafali.

Upande wa karatasi haukuwa na tatizo. Visa ya kitalii ya India inayoombwa kwa intaneti inaruhusu kumtembelea jamaa na pia kuhudhuria programu fupi ya yoga, kwa hiyo visa moja ilitosha kwa yote mawili. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho India humdai msafiri kutoka Kenya, alikuwa nacho. Alipofika ashramu, karani alijaza Fomu C, ile ambayo kila anayempokea mgeni wa nje nchini India hutakiwa kuiwasilisha serikalini ndani ya saa 24, na baada ya hapo hakusumbuliwa na mtu.

Chakula nacho, ambacho ndicho kilichokuwa kikimtia hofu zaidi kabla ya safari, kiligeuka kuwa jambo jepesi kuliko yote. Rishikesh ni mji mtakatifu kwa Wahindu, nyama na pombe haviuzwi humo, na kwa hiyo suala la halali na haramu mezani halikuzuka kabisa. Aliletewa chapati, dengu, wali, achari na chai ya maziwa yenye iliki, akaniambia kwa simu kwamba alijiona kama amealikwa kwa jirani Mombasa, isipokuwa tu kwamba kifungua kinywa huliwa kimya.

Hapa inafaa nieleze kidogo kuhusu mji wenyewe, kwa sababu mgeni anayefika Rishikesh hafiki kwenye ukumbi wa mazoezi. Swami Sivananda, aliyekuwa daktari huko Malaya kabla ya kuuacha ulimwengu, alianzisha hapo Divine Life Society, jumuiya ya kufundisha yoga na mambo ya kiroho, mwaka 1936. Mwaka 1968 Beatles, bendi mashuhuri ya Uingereza, walikuja kukaa kwa mwalimu wa tafakuri Maharishi Mahesh Yogi ng'ambo ya mto, na tangu hapo wageni wa Ulaya na Marekani hawakukatika. Kwa wenyeji mto ule ni mungu wa kike, na sala ya jioni ya mataa, inayoitwa aarti, si onyesho la watalii ingawa watalii huja kuitazama kwa mamia. Mji huohuo mmoja, basi, una vitu viwili: ibada ya watu wenye dini yao, na tasnia ya afya inayomwuzia mgeni mgongo ulionyooka na usingizi mzuri. Ashramu nyingi hazioni mpaka kati ya hivyo viwili, wala hazina sababu ya kuuona. Mpaka huo auonaye ni mgeni.

Ratiba aliyotumiwa dada ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kengele ya kuamka saa kumi na moja alfajiri. Mazoezi ya pumzi saa kumi na moja na nusu. Mazoezi ya viungo kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu. Chakula cha mchana saa sita. Mazoezi mepesi saa kumi. Kisha maneno matatu, «matembezi ya mtoni». Na mwisho tafakuri ya pumzi saa moja usiku. Aliisoma akiwa Mombasa, akaipima na vipindi vya sala, akaona kila kitu kinakaa. Alfajiri ya Novemba huko huingia kama saa kumi na moja na robo, kwa hiyo angesali kabla ya mazoezi ya pumzi. Alichokosea ni magharibi. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua linalozama mnamo saa kumi na mbili na robo, likitangulia au kuchelewa kidogo tu mwaka mzima, na haikumjia kwamba mahali penye majira ya baridi magharibi yanaweza kuadhiniwa karibu saa nzima kabla ya hapo, yaani katikati ya yale matembezi ya mtoni.

Wala hakuwa na ruhusa ya msafiri ya kujumuisha magharibi na isha. Kwa Shafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkazi, na ruhusa ya kupunguza na kujumuisha sala imemwondokea. Dada alilijua hilo vizuri, maana amelisomesha madrasa.

Siku ya kwanza ilimpa somo ambalo hakulitambua kuwa somo. Mwalimu wa mazoezi, mwanamume wa makamo, alikuwa na desturi ya kupita kati ya mikeka na kuwasahihisha wanafunzi kwa mkono. Alipomkaribia, dada alinyanyua kiganja na kusema, «Samahani, mwalimu, mimi sishikwi na mwanamume.» Yule bwana alirudi hatua moja, akachukua kijitofali cha mbao na mkanda, akamwonyesha kwa mbali namna ya kuvitumia kupata mkao uleule, na kwa siku zote zilizobaki hakumkaribia tena kwa mkono. Jambo zima lilichukua nusu dakika. Siku hiyohiyo walifundishwa mkao wa kulala chali wa kumalizia mazoezi, ambao kwa Kisanskriti huitwa shavasana, mkao wa maiti. Dada alicheka peke yake akikumbuka kwamba kwetu maiti hulazwa na kuoshwa, haamki akaenda kunywa chai.

Usiku wake ndipo ilipoanza tafakuri ya pumzi. Walikaa sakafuni, macho yamefumbwa, na mwalimu mwingine, mzee mwenye sauti ya chini, akawaambia wasikilize pumzi inavyoingia na kutoka. Halafu, ili akili isitangetange, waiambatanishe na maneno mawili moyoni: «so» wakati wa kuvuta, «ham» wakati wa kutoa. Dada alifanya hivyo usiku ule na usiku uliofuata. Anakiri, na kukiri huku ndiko kulikomletea taabu baadaye, kwamba hajapata kutulia namna ile kwa muda mrefu.

Siku ya tatu, kwenye chakula cha mchana, mwanamke wa Kiholanzi aliyekuwa amekuja kwa mara ya nne alimweleza, kwa furaha ya mtu anayemfunulia mwenzake hazina, maana ya maneno hayo. «Sah» ni Yeye, «aham» ni mimi; yakiunganishwa yanakuwa «so'ham», yaani «mimi ni Yeye», na huyo Yeye ni Nafsi Kuu isiyo na mwanzo. Dada aliweka kijiko chini.

Msomaji asiyetoka katika mazingira yetu anaweza kudhani huo ni uzito wa bure juu ya silabi mbili. Mwislamu hawezi kuuona hivyo. Mwaka 922 Al-Hallaj, mwanasufi, aliuawa Baghdad, na neno lake linalokumbukwa kuliko yote ni lile la kusema kwamba yeye ndiye Haki, ambalo ni mojawapo ya majina ya Mungu. Mpaka leo wanazuoni hawajaacha kubishana alikusudia nini. Mwanamke aliyeanza kusoma juzuu akiwa na miaka sita, ambaye amekuwa akisikia Ratibu ya Haddad, mkusanyiko wa dhikri, ikisomwa baada ya isha tangu utotoni, anatambua mara moja kwamba kumwambia Mungu «mimi ni Wewe» hakufanani na kunyoosha mguu.

Saa tano baadaye ndipo alipojikuta kwenye zile ngazi, na kijibakuli mkononi.

Alichofanya ni hiki: kabla kijana wa kiberiti hajamfikia, alishuka ngazi mbili, akainama, na kukiweka kijibakuli chake, utambi ukiwa haujawashwa, kando ya bibi mmoja mwenyeji aliyekuwa amekaa na chake. Bibi alimtazama, akatabasamu, akavivuta vyote viwili karibu naye. Kisha dada alitaka kuondoka akasali, lakini nyuma yake umati ulikuwa umeziba, viatu vyake viko kwa mlinzi, na kiongozi wa kundi alimpungia mkono abaki ili asipotee gizani. Akabaki. Alifika chumbani dakika chache kabla ya isha kuingia, akasali magharibi mbiombio, na anasema hakumbuki alisoma sura gani.

Usiku ule aliwapigia watu wawili simu. Shemeji yangu, mumewe, alimwambia afunge mizigo kesho yake, pesa zipotee zitakavyopotea. Nusu ya malipo ilikuwa imekwisha kulipwa na hairudishwi. Mwanawe, aliyeishi India miaka minne, alimwambia, «Mama, ni sauti tu, hata wao wengi hawajui maana yake.» Nimezungumza na wote wawili na sikubaliani na yeyote. Shemeji alifunga kila kitu katika furushi moja: mkao, pumzi, neno na moto wa mtoni. Kijana naye alilegeza kila kitu mpaka hakuna kilichobaki na uzito, na nina wasiwasi kwamba kwa kusema hivyo hakuwaheshimu hata hao wenyeji anaowatetea, kwa sababu kwao pia neno lile si sauti tu.

Kutenganisha kunawezekana, na si dada aliyekubuni. Novemba 2008 Baraza la Kitaifa la Fatwa la Malaysia lilitoa uamuzi dhidi ya yoga inayochanganya mazoezi ya mwili na maneno ya ibada, na baada ya ghasia ya maoni Waziri Mkuu wa wakati huo, Abdullah Badawi, akaeleza kwamba Waislamu wanaweza kuendelea na mazoezi yasiyo na maneno hayo. Januari 2009 Majelis Ulama Indonesia, baraza la wanazuoni wa Kiislamu wa huko, ilifika karibu na hapohapo. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua yoga kama mchezo. Na India yenyewe, ilipokuwa ikiandaa Siku ya Kimataifa ya Yoga ya kwanza tarehe 21 Juni 2015, miezi sita baada ya Umoja wa Mataifa kuipitisha kwa kuungwa mkono na nchi 177, iliiondoa Surya Namaskar, yaani salamu kwa jua, katika mazoezi rasmi ya siku hiyo baada ya malalamiko ya Waislamu wa huko. Kama nchi iliyoizaa yoga iliona kwamba kuna kipande kinachoweza kuwekwa kando na siku ikasherehekewa, mgeni mmoja hana sababu ya kuona haya kuomba vivyo hivyo.

Surya Namaskar nayo inastahili neno moja, kwa kuwa ndiyo iliyomkosesha dada usingizi kidogo tangu siku ya kwanza. Ni mfuatano wa mikao kumi na miwili, ambayo kundi liliifanya likiwa limeelekea mashariki jua likichomoza. Rishikesh kibla kiko magharibi, kwa hiyo dada alijikuta akisujudu alfajiri upande mmoja na saa moja na nusu baadaye akiinama upande wa kinyume kabisa. Aliugeuza mkeka wake, akaelekea kaskazini kwenye milima, upande ambao ndio kibla cha Mombasa na ambao mwili wake umeuzoea kwa miaka yote hii. Mwalimu hakusema kitu. Kwa maoni yangu hakuhitaji hata hilo: jina ni la kale, lakini mfuatano wenyewe, kwa namna unavyofundishwa leo, ulienezwa katika miaka ya 1920 na mtawala wa Aundh, dola ndogo ya kifalme ya India ya wakati huo, kama zoezi la kujenga afya, na katika darasa la dada majina ya jua hayakutajwa. Hata hivyo mkeka kugeuka hakumgharimu mtu kitu, na ulimpa utulivu.

Asubuhi ya siku ya nne alimwendea yule mzee wa tafakuri kabla ya kifungua kinywa. Alimweleza mambo mawili: kwamba hawezi kuendelea na so'ham kwa kuwa sasa anajua maana yake, na kwamba hawezi kwenda mtoni jioni kwa kuwa ni wakati wa sala yake. Mzee alimsikiliza, kisha akauliza swali moja tu: «Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?» Alieleza kwamba hutoa maneno hayo kwa wageni kwa sababu yanafanana na sauti ya pumzi yenyewe, na kwamba haelezi maana kwa anayeanza ili asije akakaa akiifikiria maana badala ya kukaa. Akampa njia nyingine: ahesabu pumzi, moja hadi kumi, kisha arudi mwanzo. Dada alipouliza kama anaweza kulitaja jina la Mungu wake moyoni, mzee alijibu kwamba hilo ni kati yake na Mungu wake. Yeye anachohitaji kukiona ni mgongo ulionyooka. Dada akachagua hesabu. Dhikri yake, aliniambia, ina mahali pake na adabu yake, na hakutaka kuichota kwa kata ya kuazima.

Sasa swali la yule mzee ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kisa. Fomu ya kujiandikisha, ambayo dada bado anayo kwenye simu, iliuliza kuhusu mgongo, shinikizo la damu, mimba, vyakula vinavyomdhuru, na mwishoni ikaacha mstari mtupu wenye kichwa «mengineyo». Hapo aliandika kistari. Nilipomwuliza sababu, alisema hakutaka kuonekana mgeni mwenye masharti. Unapokwenda kwa watu unakula unachopewa. Huo ni ustaarabu wetu, na nyumbani ni ustaarabu mzuri, lakini unategemea mwenyeji anayekujua kiasi cha kutokupa usichoweza kula. Mzee wa Rishikesh hakuwa na namna ya kujua. Naye kwa upande wake alikuwa na ustaarabu wa aina hiyohiyo: alinyamaza kuhusu maana ili asimwelemeze mgeni. Ukimya wa pande mbili, kila mmoja akidhani anamstahi mwenzake, ndio uliozaa usiku mbili za so'ham na ile taa mkononi. Lile la kushikwa na mwanamume liliisha katika nusu dakika kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba alilisema.

Sitaki kumwondolea mzee lawama zote, hata hivyo. Anayempa mtu neno la ibada alirudie moyoni anapaswa kumwambia ni neno la ibada, hata kama hatafafanua zaidi. Na «matembezi ya mtoni» ni maneno mafupi mno kwa jambo linalomweka mgeni mbele ya moto wa makuhani, saa ya sala, na sadaka ya mto kiganjani mwake. Dada aliwaandikia hivyo kwa upole alipofika nyumbani. Walimjibu kwa shukrani na kumtumia picha ya kundi.

Siku zilizobaki zilikwenda kama ratiba. Jioni wenzake walipokwenda mtoni, alisali magharibi chumbani na kukaa kibarazani akisikia kengele kutoka mbali. Mazoezi ya kiuno aliyafanya yote, na matatu ameyachukua.

Kilichomsumbua baada ya kurudi ni zile usiku mbili, na hasa kwamba alitulia. Alimwendea shekhe mmoja wa mtaani kwetu, mzee asiyependa maneno mengi, akamsimulia yote tangu Dehradun. Shekhe alimwambia kwamba aliyetamka neno bila kujua maana yake hahukumiwi kwa maana hiyo, alete istighfari na asilirudie. Kisha akamwuliza kama kiuno kimepona. Dada alimjibu kwamba kimepungua, na shekhe, ambaye naye huingia msikitini akishikilia nyonga, akamwomba amwonyeshe mwanawe hayo mazoezi ili naye aje amfundishe baba yake.